Hesabu za kukua na kuyumba kwa uchumi: Mfano wa Bamburi, Mombasa

UKITOKA kisiwa cha Mombasa, ukavuka Daraja la Nyali na kuifuata barabara kuu ya Malindi ukizipita Kongowea na Bombolulu, utafika Bamburi. Upande wa kushoto, yaani bara, kipo kiwanda cha saruji kilichoanza kuzalisha mwaka wa 1954. Upande wa kulia, pwani, hoteli za kitalii zimepangana kuelekea Shanzu. Barabara moja tu ndiyo inayozitenga riziki mbili ambazo, kwa macho ya mwanatakwimu, zina tabia zisizofanana hata kidogo.

Kila mwaka Shirika la Kitaifa la Takwimu Nchini (KNBS) hutangaza uchumi wa Kenya umekua kwa asilimia ngapi, na tangu mwaka wa 2019 limekuwa likitoa pia makadirio ya pato la kila kaunti. Hesabu hizo haziteremki hadi kwenye wadi. Mkazi wa Bamburi Mtambo au Utange husikia redioni kwamba sekta ya hoteli imekua kwa zaidi ya nusu, kisha akatazama mkoba wake na kujiuliza ukuaji huo umepitia njia gani usimfikie. Wengine huamua kwamba takwimu zimepikwa. Mara nyingi takwimu ni sahihi. Kinachokosekana ni kuelewa jinsi vipimo vya uchumi vinavyokua na jinsi vinavyoyumba, kwani mambo hayo mawili yana kanuni zake.

Asilimia ya kushuka si asilimia ya kupanda

Tuanze na miaka miwili ambayo wafanyakazi wa hoteli za pwani hawataisahau. Kutokana na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, idadi ya wageni waliowasili nchini ilianguka kutoka takriban milioni 1.8 mwaka wa 2007 hadi milioni 1.2 mwaka wa 2008. Sekta ya hoteli na mikahawa, kama ilivyotangazwa wakati huo, ilinywea kwa asilimia 36.1. Mwaka uliofuata, 2009, ikatangazwa kwamba sekta hiyo hiyo imekua kwa asilimia 42.8. Msomaji aliyetoa 36.1 katika 42.8 alibaki na ziada ya karibu asilimia 7, akadhani hali imerudi na kupita ilivyokuwa.

Sivyo. Ichukulie sekta hiyo kuwa ilikuwa na thamani ya Sh100 mwaka wa 2007. Ikipungua kwa asilimia 36.1 zinabaki Sh63.90. Asilimia 42.8 ya mwaka wa 2009 haihesabiwi kutoka zile Sh100, bali kutoka hizi Sh63.90 zilizobaki. Ukizidisha unapata takriban Sh91.20. Kwa hivyo, katika mwaka uliosifiwa kuwa wa ufufuo, sekta ilikuwa bado chini ya ilikotoka kwa karibu asilimia 9.

Miaka 12 baadaye jambo hilo lilijirudia kwa ukubwa zaidi. Kisa cha kwanza cha Covid-19 nchini kilithibitishwa Machi 2020, na safari za kimataifa za ndege za abiria zikasimamishwa kuanzia mwishoni mwa mwezi huo hadi Agosti 1. Shughuli za malazi na mikahawa zilitangazwa kupungua kwa asilimia 47.7 mwaka wa 2020. Mwaka wa 2021 zikatangazwa kukua kwa asilimia 52.5, na sisi wanahabari tukaiweka nambari hiyo kwenye vichwa vya habari kwa herufi kubwa. Rudia hesabu: Sh100 zinakuwa Sh52.30, kisha takriban Sh79.80. Baada ya ukuaji wa zaidi ya nusu, sekta ilikuwa bado imepungukiwa na shilingi 20 katika kila 100. Ilipotangazwa kukua tena kwa asilimia 26.2 mwaka wa 2022, ndipo ilipofika Sh100.70 hivi, yaani pale pale ilipokuwa mwaka wa 2019. Miaka mitatu ilikuwa imepita.

Hapa pana kanuni ambayo haina msamaha. Kinachoshuka kwa asilimia 36.1 chahitaji kupanda kwa asilimia 56.5 ili kurudi kilipokuwa, na kinachoshuka kwa asilimia 47.7 chahitaji karibu asilimia 91. Kadiri shimo linavyokuwa refu ndivyo ngazi inavyohitaji kuwa ndefu zaidi ya shimo lenyewe.

Kanuni hiyo ina tokeo lingine ambalo wafanyabiashara wadogo hulihisi bila kulipa jina. Tuseme vibanda viwili karibu na ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wengi huuita Pirates, vinaanza na mtaji wa Sh100,000 kila kimoja. Cha kwanza kinauza vyakula vya nyumbani na hukua kwa asilimia 5 kila mwaka. Cha pili kinauza vinyago na vikoi kwa watalii. Mwaka mmoja hukua kwa asilimia 35, mwaka unaofuata hushuka kwa asilimia 25, na hivyo hivyo kwa zamu. Ukijumlisha asilimia na kugawanya, vyote viwili vina wastani wa asilimia 5 kwa mwaka. Lakini baada ya miaka 10 cha kwanza kitakuwa na takriban Sh162,900, na cha pili Sh106,400. Tofauti hiyo ya zaidi ya Sh56,000 haikuibwa wala haikulipwa kodi. Imeliwa na kuyumba kwenyewe.

Ndiyo maana wanatakwimu hawaridhiki na wastani peke yake. Pamoja na kasi ya ukuaji, wao hupima kila mwaka uko umbali gani na wastani huo, na kipimo hicho cha pili ndicho kinachoonyesha kiwango cha kuyumba.

Kikubwa huyumba kidogo, kidogo huyumba sana

Linganisha sasa sekta ya hoteli na uchumi mzima wa Kenya. Katika mwaka huo huo wa 2020 ambapo malazi na mikahawa zilipoteza karibu nusu, pato la taifa lilipungua kwa asilimia 0.3 tu. Mwaka wa 2021 lilikua kwa asilimia 7.5 kwa hesabu ya kwanza iliyotangazwa. Bahari iliyomwinua na kumwangusha mwenye ngalawa kwa pima kadhaa ilimtikisa nahodha wa meli kidogo tu.

Sababu ya msingi si ngumu. Uchumi wa taifa ni jumla ya vitu vingi: chai, mahindi, benki, simu, ujenzi, shule, bandari. Hivi havipandi wala kushuka kwa pamoja. Na kwa jambo hili hakuna mfano bora kuliko ile barabara ya Bamburi. Mwaka wa 2008 hoteli zilipokuwa zikiwarudisha nyumbani wafanyakazi, matumizi ya saruji nchini hayakuporomoka, yaliongezeka. Mwaka wa 2020, ndege zikiwa zimelala, uzalishaji wa saruji nchini ulipanda kwa takriban sehemu moja kati ya tano ukilinganishwa na wa 2019. Mtalii akiogopa kuja, bado kuna mtu Kiembeni anayemalizia nyumba yake na serikali inayojenga barabara.

Isidhaniwe kwamba saruji haina siku zake mbaya. Mwaka wa 2017, uliokuwa na uchaguzi mkuu uliorudiwa, matumizi ya saruji nchini yalishuka kutoka takriban tani milioni 6.3 za mwaka wa 2016 hadi milioni 5.8. Aidha, kukua kwa sekta nzima hakumaanishi kwamba kila kiwanda kimekua, maana washindani wameongezeka na kiwanda cha Bamburi, ambacho kampuni ya Amsons ya Tanzania ilikamilisha kukinunua Desemba 2024, hakitawali soko kama zamani. Hata hivyo, kushuka kwa asilimia 8 ni kitu kimoja, na kushuka kwa asilimia 47.7 ni kitu kingine.

Uhusiano huu kati ya ukubwa na kuyumba umechunguzwa na wataalamu kwa miaka mingi. Mfaransa Robert Gibrat alipendekeza mwaka wa 1931 kwamba kasi ya kukua kwa kampuni haitegemei ukubwa wake. Mwaka wa 1996, H. Eugene Stanley wa Chuo Kikuu cha Boston na wenzake walichapisha uchunguzi wa kampuni za viwanda za Marekani na kuonyesha kwamba kuyumba kwa ukuaji hupungua kadiri kampuni inavyokuwa kubwa. Miaka miwili baadaye, utafiti mwingine uliomhusisha Stanley ulionyesha kwamba mataifa pia hufuata mwenendo unaofanana sana na huo.

Lililowashangaza wataalamu ni kwamba upungufu huo ni mdogo kuliko ilivyotarajiwa. Iwapo kampuni kubwa ingekuwa ni mkusanyiko wa vitengo 64 visivyohusiana kabisa, kila kimoja kikienda zake, hesabu za bahati nasibu zinasema ingeyumba kwa moja ya nane tu ya kitengo kimoja. Kwa mwenendo uliopatikana katika data, kampuni iliyo kubwa mara 64 huyumba kwa takriban nusu ya ile ndogo. Kwa maneno mengine, ukubwa hulinda, lakini si kwa kadiri tunavyotumaini. Maelezo mojawapo ni kwamba vitengo vimefungamana. Kimoja kikiteleza, huvuta vingine.

Bamburi huyaona hayo kila msimu mbaya unapoingia. Hoteli ikifunga mlango, si mhudumu na mpishi pekee wanaokosa. Mvuvi aliyekuwa akiuza kamba na pweza jikoni mwa hoteli hukosa mnunuzi. Dereva wa tuktuk hukosa abiria wa usiku. Mwenye nyumba ya kupangisha huanza kusikia kauli ya subiri mwisho wa mwezi, na mwenye duka huandika madeni kwenye daftari. Mtu anaweza kuhesabu kazi 10 tofauti katika mtaa mmoja na kudhani mtaa huo una miguu 10, kumbe yote imesimama juu ya jiwe moja.

Tofauti huonekana kwenye nyumba mbili za kufikirika. Katika ya kwanza mume na mke wote hulipwa na hoteli. Katika ya pili mmoja hulipwa na hoteli na mwingine ana kazi kiwandani, na mishahara yote minne inalingana. Pato la hoteli likishuka kwa asilimia 36.1 na la kiwanda likabaki vile vile, nyumba ya kwanza inapoteza asilimia 36.1 na itahitaji ongezeko la asilimia 56.5 ili kurudi ilipokuwa. Ya pili inapoteza asilimia 18 na itahitaji 22. Wastani wa mapato yao katika miaka ya kawaida ni sawa kabisa. Karo ya muhula wa pili, hata hivyo, hailipwi kwa wastani.

Dhoruba haziji moja moja

Mwenendo mwingine uliothibitishwa ni kwamba mayumbo hujikusanya. Mwaka wa 1963, mwanahisabati Benoit Mandelbrot alichunguza bei za pamba na kueleza kwamba mabadiliko makubwa huelekea kufuatwa na mabadiliko makubwa, ya juu au ya chini, na madogo kufuatwa na madogo. Mmarekani Robert Engle aliibuni mwaka wa 1982 njia ya kukokotoa tabia hiyo, akitumia mfumuko wa bei wa Uingereza, na kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka wa 2003 pamoja na Clive Granger.

Shilingi yetu ni shahidi mzuri. Mwanzoni mwa mwaka wa 2011 dola moja ilibadilishwa kwa takriban Sh81. Kufikia Oktoba ilikuwa imefika karibu Sh107, na Benki Kuu ikapandisha kiwango chake cha riba kutoka asilimia 7 hadi 18 kati ya Oktoba na Desemba. Mwaka ulipokwisha dola ilikuwa imerudi hadi Sh85 hivi. Mfumuko wa bei nao ulifika asilimia 19.7 mwezi Novemba mwaka huo. Vivyo hivyo, Januari 2024 dola ilivuka Sh160, ikateremka kwa kasi katika wiki chache za Februari na Machi, kisha ikatulia karibu na Sh129 katika mwaka wote wa 2025. Miezi ya tufani hufuatana, na miezi ya shwari hufuatana.

Utalii wa pwani una historia ya namna hiyo. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 zilifuatwa na mvua za El Niño, kisha shambulio la bomu katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi Agosti 7, 1998. Hoteli zilipoanza kupumua, kukatokea shambulio la Kikambala la Novemba 28, 2002, kilomita chache kaskazini mwa Bamburi, na mwaka uliofuata safari kadhaa za ndege zikasitishwa kwa hofu ya usalama. Kundi jingine lilianza kwa utekaji nyara wa wageni huko Lamu mwaka wa 2011, likaendelea kwa shambulio la Westgate Septemba 2013, na kufikia Mei 2014 kampuni za Thomson na First Choice zikawaondoa Mombasa watalii wa Kiingereza kabla likizo zao kwisha, baada ya serikali yao kutoa tahadhari. Wageni waliowasili nchini, waliokuwa takriban milioni 1.8 mwaka wa 2011, walipungua mwaka baada ya mwaka hadi milioni 1.2 mwaka wa 2015.

Hili lina maana kubwa kwa mwenye kuweka akiba. Anayejiandaa kwa mwaka mmoja mbaya akidhani wa pili lazima uwe mzuri anacheza kamari. Mwaka mbaya hauifutii hatia ya mwaka unaokuja.

Na miaka mibaya sana si adimu kama wengi wanavyofikiri. Katika vitabu vya shule, vipimo vingi huchorwa kwa umbo la kengele: vingi katikati, vichache sana pembeni. Urefu wa watu hufuata umbo hilo. Tuseme, kwa kukisia tu, kwamba sekta ya hoteli hukua kwa asilimia 5 na kuyumba kwa kawaida kwa asilimia 10 juu na chini. Chini ya umbo la kengele, anguko la asilimia 36.1 lingetarajiwa mara moja katika makumi ya maelfu ya miaka, na la asilimia 47.7 mara moja katika mamilioni. Kenya iliyapata yote mawili ndani ya miaka 12. Basi kengele ndiyo yenye kosa. Kasi za ukuaji, za kampuni na za mataifa, zina pembe nene kuliko za kengele. Kwa kipimo maalum zilichorwa na kina Stanley kama hema lenye ncha juu na mbavu zinazoteremka polepole. Benki au mwajiri anayepanga mambo yake kwa kengele atasema kila mara kwamba balaa halikutabirika.

Kaskazi, kusi na robo ya mwaka

Kuna kuyumba kwingine ambako si balaa wala si habari. Hoteli za Bamburi hujaa wakati wa kaskazi, hasa Desemba, na hupwaya masika ya Aprili na Mei yanapoingia pamoja na kusi. Baadhi hufunga kwa ukarabati na vibarua hupumzishwa. Kulinganisha Mei na Desemba na kutangaza kwamba utalii umeanguka ni sawa na kulinganisha maji kupwa na maji kujaa. Kwa sababu hiyo ukuaji wa kila robo ya mwaka hulinganishwa na robo hiyo hiyo ya mwaka uliotangulia.

Dawa hiyo nayo ina madhara yake. Robo ya pili ya mwaka wa 2021 ilitangazwa kuwa na ukuaji wa asilimia 10.1. Ililinganishwa na Aprili, Mei na Juni za 2020, miezi ambayo viwanja vya ndege vilikuwa vimefungiwa abiria wa kimataifa. Ukipima kimo chako ukiwa umesimama kando ya mtu aliyechuchumaa, utajiona jitu.

Isitoshe, nambari zenyewe hubadilika. Ukuaji wa mwaka wa 2008 ulitangazwa kwanza kuwa asilimia 1.7. Mwaka wa 2014, baada ya KNBS kubadilisha mwaka wa msingi wa hesabu na pato la taifa kuonekana kubwa kwa takriban robo, ukuaji huo wa 2008 ulisahihishwa hadi asilimia 0.2. Hakuna aliyedanganya, taarifa kamili za biashara huchelewa, na mizani mipya huona vitu ambavyo ya zamani haikuviona. Takwimu za hoteli zilizotajwa hapa ni zile zilizotangazwa mara ya kwanza, na zimewahi kuguswaguswa baadaye bila kubadilisha sura ya kisa.

Anayetaka kujifanyia hesabu hizi ana njia. Ripoti ya Hali ya Uchumi hutolewa na KNBS kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Aprili au Mei, na hupatikana bila malipo kwenye tovuti ya shirika hilo. Vichwa vya habari hutoka katika jedwali la viwango vya ukuaji. Katika sura hiyo hiyo lipo jedwali jingine lisilo na mvuto, linaloonyesha kila sekta kwa mamilioni ya shilingi kwa bei zisizobadilika. Tafuta mstari wa malazi na mikahawa, weka kidole kwenye mwaka kabla ya anguko, kisha usogeze kulia hadi utakapokutana na nambari iliyo kubwa kuliko hiyo.